Aliyemkuta Marehemu: Shahidi wa Buck's Row na Shitaka Lililochelewa



Katika mazungumzo yetu juu ya ushahidi na hukumu tulifikia kisa kimoja cha zamani kilichotugawanya pande mbili, na saa ikatuishia kabla hatujaelewana. Tumeona vema kukiandika hapa, ili kila kikundi cha parokia kikipime chenyewe. Kisa ni cha mji wa London, mwaka 1888, wakati Malkia Victoria alipotawala Uingereza. Katika mtaa wa maskini uitwao Whitechapel, upande wa mashariki wa mji huo, wanawake watano, kwa hesabu inayofuatwa na wengi, waliuawa kwa kisu kati ya tarehe 31 Agosti na tarehe 9 Novemba. Muuaji akapewa jina la Jack the Ripper, lililotokana na barua iliyopelekwa kwa shirika moja la habari. Hakuna tribinali iliyomhukumu mtu yeyote kwa damu hiyo hadi leo.

Swali lililotugawanya ni hili: je, yawezekana kwamba mtu wa kwanza kumkuta marehemu wa kwanza, aliyewaita wenzake na kuapa mbele ya hakimu, ndiye aliyemwua?

Tuanze na marehemu mwenyewe, kwa maana wabishi wengi humruka ili wafike haraka kwa muuaji. Mary Ann Nichols, ambaye waliomjua walimwita Polly, alizaliwa London mwaka 1845, binti wa mhunzi. Mwaka 1864 aliolewa na William Nichols, fundi wa mashine za kupiga chapa, wakajaliwa watoto watano. Ndoa ilivunjika yapata mwaka 1880; mume alisema chanzo ni ulevi wa mke, baba yake Polly alisema chanzo ni uzinzi wa mume. Tangu hapo Polly aliishi akiingia na kutoka katika nyumba za maskini, zile nyumba za serikali ambamo fukara walipewa chakula na malazi kwa kufanyishwa kazi ngumu. Mnamo Mei 1888 alipata kazi ya nyumbani huko Wandsworth, akamwandikia baba yake barua ya furaha. Mnamo Julai aliiacha kazi hiyo, akiondoka na nguo za watu.

Usiku wa kuamkia Ijumaa, tarehe 31 Agosti, alifukuzwa katika nyumba ya kulala wapangaji kwa kukosa peni nne za kitanda. Aliondoka akicheka, akisema fedha ataipata upesi, tena akiionyesha kofia yake mpya. Saa nane na nusu ya usiku rafiki yake Ellen Holland alikutana naye njiani akiwa amelewa. Polly alimwambia kwamba siku ile alikwisha kupata fedha ya kitanda mara tatu, na mara tatu ameitumia. Kisha akaenda zake upande wa mashariki, kwa barabara ya Whitechapel. Baada ya hapo hakuna aliyemwona hai, isipokuwa yule aliyemwua.

Sasa tumfuate shahidi. Charles Cross alikuwa mwendesha gari la farasi katika kampuni ya uchukuzi ya Pickfords, na alikuwa ameitumikia kwa zaidi ya miaka ishirini. Alikaa Doveton Street, nyumba namba 22, na kazini alitakiwa kufika saa kumi alfajiri. Yapata saa tisa na nusu alitoka nyumbani akaenda kwa miguu. Alipopita Buck's Row, njia nyembamba yenye giza, aliona kitu kimelala mbele ya lango la zizi la farasi. Alidhani ni turubai, na mtu wa kazi kama yake turubai humfaa. Akasogea hadi katikati ya barabara, akatambua kwamba ni mwanamke. Hapo akasikia nyayo nyuma yake, kama hatua arobaini hivi. Akasimama kumngoja anayekuja.

Aliyekuja ni Robert Paul, naye mwendesha gari la farasi, naye akienda kazini. Paul alipomwona mtu amesimama gizani katikati ya njia, aliogopa, akataka kumkwepa. Mtaa ule ulikuwa na wanyang'anyi wengi. Cross akamgusa bega akamwambia aje aone, kuna mwanamke amelala. Wakamshika mikono: ilikuwa baridi. Paul aliweka mkono kifuani akadhani amehisi mtikisiko mdogo wa pumzi. Alitaka wamwinue wamkalishe, Cross alikataa. Wakamteremshia nguo zilizokuwa zimepandishwa, kisha, kwa kuwa wote wawili walikuwa wamechelewa, wakaenda mbele wakimtafuta askari. Katika giza lile hawakuona kwamba koo lake limekatwa.

Kwenye pembe ya Hanbury Street walimkuta askari Jonas Mizen, wakamweleza, wakaendelea na safari yao. Wakati huohuo askari mwingine, John Neil, akiwa katika zamu yake, alifika Buck's Row, akamulika taa yake, akaiona damu. Neil alikuwa amepita njia ileile nusu saa kabla, naye hakuona kitu.

Hadi hapa hakuna la ajabu. Utata unaanzia katika baraza la uchunguzi wa kifo, lililoongozwa na hakimu Wynne Baxter. Tarehe 3 Septemba Mizen aliapa kwamba mtu yule alimwambia anatakiwa Buck's Row na askari aliyeko kule. Cross, siku hiyohiyo, aliulizwa juu ya jambo hilo, akakana: hakuona askari Buck's Row, basi angewezaje kumtaja? Viapo viwili, na kimoja hakikuwa sahihi.

Kwa zaidi ya miaka mia moja wasomaji walilipita jambo hilo bila kusimama. Mwanzoni mwa karne hii watafiti waligundua kwamba Charles Cross, katika hati nyingi za maisha yake, hakuitwa Cross. Aliitwa Charles Allen Lechmere. Ndoa yake na hesabu za watu zilizofanywa na serikali akiwa mtu mzima zilimwandika Lechmere. Mbele ya hakimu, katika kesi ya mauaji, alijiita Cross. Mwandishi wa habari wa Sweden, Christer Holmgren, pamoja na wenzake, waliitwaa habari hiyo wakajenga juu yake shitaka kamili. Mwaka 2014 likaonyeshwa katika televisheni ya Uingereza, na tangu hapo Lechmere ana washitaki wengi.

Tulisikilize shitaka lao kwa haki, kwa maana si la kipuuzi. Wanasema: mtu huyu alikutwa peke yake karibu na mwili ambao damu yake ilikuwa bado inatoka hata askari walipofika. Alificha jina lake la hati. Alikataa kumwinua marehemu, asije mwenzake akaona koo lililokatwa. Alimdanganya Mizen kwamba askari mwingine yuko kule tayari, ili asizuiwe wala kupekuliwa akiwa na kisu mfukoni. Njia yake ya kazini ilipita karibu na mahali ambapo wanawake wengine waliuawa, na mama yake alikaa upande ule wa mji ambako Elizabeth Stride aliuawa. Tulipoyasikia hayo kwa mara ya kwanza katika mazungumzo yetu, zaidi ya nusu yetu waliinua mkono: ana hatia.

Lakini shitaka ni kama kikapu cha maji: halipimwi kwa wingi wa fito zake, bali kwa nafasi zilizo kati yake. Tuanze na jina, kwa sababu ndilo lililowavuta wengi. Baba yake Charles aliitelekeza familia. Mwaka 1858 mama yake aliolewa tena na Thomas Cross, naye Thomas Cross alikuwa nani? Alikuwa askari wa polisi. Katika hesabu ya watu ya mwaka 1861 kijana huyu ameandikwa Charles Cross. Thomas Cross alifariki mwaka 1869. Ukihesabu miaka ishirini na zaidi ya kazi kurudi nyuma kutoka 1888, utaona kwamba Charles aliingia Pickfords baba huyo wa kambo akiwa bado hai. Ni jambo la kawaida mno kwamba kazini alijulikana kwa jina la aliyemlea. Tena mtu anayejificha haachi mlango wazi. Huyu alitaja nyumba yake kwa namba, alimtaja mwajiri wake na mahali pa kazi. Askari angeweza kumpata kabla ya jua kuchwa. Amejificha wapi, basi?

Lakini tusivuke mto kwa kuruka. Shahidi mwenye majina mawili, akiulizwa jina lake katika kesi ya damu, angepaswa kuyataja yote mawili. Hakufanya hivyo, au waandishi hawakuliandika. Avoka wa upande wa mashitaka angekuwa na haki ya kumbana hapo. Kumbana, tunasema, si kumnyonga.

Juu ya Mizen tunaona tofauti na washitaki. Desturi ya siku zile ilikuwa askari wa zamu kuwaamsha wafanyakazi kwa kuwagongea milango alfajiri. Mizen alikuwa katika kazi hiyo walipomfikia, na Robert Paul alilalamika gazetini kwamba, hata baada ya kuambiwa, aliendelea kugonga. Mizen alijibu kwamba alimalizia tu mlango aliokuwa ameuanza. Angalia basi ni nani mwenye sababu ya kupunguza uzito wa habari aliyopewa. Askari aliyeambiwa kwamba mwanamke amelala barabarani, labda amekufa, anapaswa kukimbia. Aliyeambiwa kwamba mwenzake yuko kule tayari anaweza kutembea. Pengine pia hakuna aliyesema uongo: Mizen alipofika alimkuta Neil kwa mwili, na Neil akamtuma kuleta mkokoteni wa kubebea wagonjwa. Siku tatu baadaye, akikumbuka, maneno ya raia na maneno ya askari mwenzake yangeweza kuchanganyika kichwani mwake. Robert Paul, aliyekuwa pamoja na Cross njia nzima, hakutoa habari yoyote ya askari aliyetajwa kuwa Buck's Row.

Wasomaji wa kitabu cha Danieli watakuwa wamekwisha kumkumbuka Susana. Pale wazee wawili walikuja kama mashahidi, kumbe ndio wenye kosa. Kijana Danieli akawatenga, akamwuliza kila mmoja chini ya mti gani, na majibu hayakulingana. Kwa hiyo hatuwezi kusema kwamba shahidi hawezi kamwe kuwa mkosaji. Maandiko yenyewe yanatukatalia. Tufanye basi kama Danieli. Cross alisikilizwa tarehe 3 Septemba, Paul tarehe 17. Juu ya mahali Cross aliposimama, juu ya mikono ya baridi, juu ya nguo zilizoteremshwa, maneno yao yanalingana.

Kisha kuna jibu moja la Cross ambalo washitaki hulipita mbiombio, nasi tunaliona kuwa zito kuliko yote. Aliulizwa kama alisikia mtu akiondoka. Akajibu hapana, tena akasema kwamba kama mtu angeondoka pale baada ya yeye kuingia njia ile, angemsikia. Mwuaji aliyepewa swali hilo amepewa zawadi. Angetosha kusema: ndiyo, nilisikia nyayo zikikimbia upande wa pili. Nani angempinga? Paul alikuwa mbali. Polisi wote wangeondoka kutafuta nyayo hizo, na zingekuwa zinatafutwa hadi leo. Cross, akiwa chini ya kiapo, aliufunga mlango ambao mwenye hatia angeufungua.

Na nyayo za Paul zenyewe? Njia ilikuwa na giza, mtu yuko hatua arobaini nyuma, kazi iko mbele. Mwenye kisu angeondoka. Yeye alingoja, akamgusa mgeni bega, akamvuta aje amtazame marehemu pamoja naye, kisha akaenda kumtafuta askari. Washitaki husema huo ndio ujanja wake. Yawezekana. Lakini mkiangalia vizuri mtaona hatari ya hoja hiyo: akikimbia ana hatia kwa sababu amekimbia, akibaki ana hatia kwa sababu amebaki. Shitaka ambalo kila tendo hulithibitisha haliwezi kupimwa kwa tendo lolote.

Juu ya dakika hatutakawia. Askari watatu, kila mmoja peke yake, walitaja saa kumi kasorobo kuwa saa ya tendo lake, na haiwezekani wote watatu wawe sahihi. Hawakubeba saa moja. Hakimu Baxter aliona kwamba mwili ulikutwa karibu na saa kumi kasorobo. Ripoti moja ya polisi iliandika dakika tano kabla. Anayetaka kumnyonga mtu kwa dakika nne au tano katika mji ambao saa zake hazikupatana, ana ujasiri kuliko sisi.

Njia ya kazini nayo ina miiba. Annie Chapman aliuawa tarehe 8 Septemba nyuma ya nyumba namba 29 ya Hanbury Street. Daktari George Bagster Phillips, aliyeuona mwili saa kumi na mbili u nusu, alidhani amekufa kwa saa mbili au zaidi. Lakini John Richardson aliketi kwenye ngazi ya ua ule yapata saa kumi na moja kasorobo akakata ngozi ya kiatu chake, na hakuona mwili. Jirani Albert Cadosch alisikia sauti na kitu kikigonga ubao wa ua yapata saa moja kabla ya daktari kufika. Elizabeth Long alisema alimwona Annie akisimama na mwanamume saa kumi na moja na nusu. Wakati huo Cross alipaswa kuwa kazini tangu saa kumi. Kwa hiyo, ili kumtia hatiani shahidi mmoja, yawabidi washitaki wawatupe mashahidi watatu. Na Elizabeth Stride na Catherine Eddowes waliuawa usiku wa kuamkia Jumapili, Stride yapata saa saba na Eddowes kabla ya saa nane, saa ambazo hazina uhusiano na mtu anayewahi kazi ya saa kumi.

Richardson huyohuyo tumtazame kidogo. Alikuwa na kisu mkononi, alikuwa mahali penyewe, na aproni ya ngozi iliyokutwa imelowa maji katika ua ule ilikuwa yake. Naye alishukiwa. Shahidi mwingine, George Hutchinson, alijitokeza tarehe 12 Novemba, baada ya uchunguzi wa kifo cha Mary Jane Kelly kufungwa, akaeleza mwanamume aliyemwona na marehemu kwa utimilifu wa kushangaza: kola ya manyoya, pini ya tai yenye umbo la kiatu cha farasi, mnyororo wa saa. Alikiri kwamba alisimama mbele ya makao ya Kelly kwa robo tatu za saa. Inspekta Frederick Abberline alimwamini. Waandishi wa siku zetu wamemfanya muuaji. Tukienda hivyo, kila aliyesema neno mbele ya hakimu atapata zamu yake ya kushitakiwa.

Aproni ile ya ngozi ilikuwa na uzito wake katika siku zile. Magazeti yalikuwa yameeneza habari ya mtu wa kuogofya aitwaye Leather Apron, yaani Aproni ya Ngozi, na watu wakamwonyesha kidole John Pizer, Myahudi fundi viatu. Alijificha kwa ndugu zake kwa kuogopa kuraruliwa na umati. Alikamatwa tarehe 10 Septemba. Kumbe usiku ule Polly alipouawa, Pizer alikuwa Holloway, mbali na Whitechapel, na alikuwa amezungumza na askari njiani juu ya moto mkubwa uliokuwa ukiwaka bandarini. Baxter akamwita mbele ya baraza ili aseme hadharani alikuwa wapi, apate kusafishwa. Pizer alikuwa hai, aliweza kujibu. Charles Lechmere alifariki mwaka 1920. Alikuwa ameishi na mke yuleyule tangu mwaka 1870, wakalea watoto wengi, na hakuna mtu katika maisha yake aliyemshitaki kwa kifo cha Polly.

Kwa upande wetu, tuliporudia kuinua mikono, wale wa hatia walikuwa wamepungua, ingawa hawakwisha. Mmoja alishikilia jina hadi mwisho. Mwingine aliuliza jambo ambalo hakuna aliyelijibu pale: nani kati yetu hajaambiwa, akimwona mtu amelala kando ya njia, usimguse, utaulizwa wewe?

Cross alikuja mbele ya hakimu akiwa amevaa aproni yake ya gunia, kama mtu aliyetoka kazini au anayerudi kazini. Paul alikuja baadaye, na gazeti moja liliandika manung'uniko yake. Polisi walimwamsha usiku wa manane, akapoteza siku nzima ya kazi bila malipo. Kisha aliitwa barazani siku mbili, na kila siku alilazimika kumlipa mtu shilingi tano amfanyie kazi, la sivyo angepoteza nafasi yake. Uchunguzi ulipokwisha, alipewa shilingi mbili, moja kwa kila siku.

Polly alitambuliwa kwa gaguro lake, lililokuwa na muhuri wa nyumba ya maskini ya Lambeth. Alizikwa tarehe 6 Septemba.